Vipanga wa Mtaa wa 126

Wazee wetu walisema akili nyingi huondoa maarifa, na sisi tulioisikia methali hiyo tangu utotoni tumezoea kuichukulia kama kofi la kumnyamazisha mtoto anayejibu majibu. Mtoto anauliza kwa nini mwezi unatufuata tukitembea usiku, anaambiwa nyamaza, akili nyingi zitakuponza. Basi. Lakini hebu, msomaji mwenzangu, tuigeuze methali hii upande wa pili. Tuseme si kofi bali ni maelezo ya hali halisi: kwamba yupo mtoto ambaye akili yake imetangulia mbio, na yale maarifa mengine ya kuishi na watu yamebaki nyuma yanahema. Huyo afanyweje? Anyamazishwe au afundishwe?

Swali hili lilipewa jibu la aina yake mwaka 1936, ndani ya jengo moja la shule katika Mtaa wa 126, Manhattan, New York. Shule yenyewe iliitwa Speyer, na kwenye madaftari ya mji ilikuwa Shule ya Umma namba 500. Mle ndani walikuwemo watoto wa miaka 7 hadi 9 ambao, mbali na kusoma na hesabu, walifundishwa namna ya kubishana bila kugombana, namna ya kucheza na wenzao, na namna ya kuwavumilia watu wanaoelewa taratibu. Walifundishwa, nasema, kama wewe na mimi tulivyofundishwa jedwali la kuzidisha. Aliyeyabuni masomo hayo alikuwa mama mmoja ambaye tangu usichana wake alitaka kuwa mwandishi. Wahariri wakamrudishia hadithi zake. Wenzangu mnaonisoma hapa mnalijua jambo hilo vizuri, sina haja ya kulieleza.

Kwanza tuseme habari za woga. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wamarekani wengi waliamini kwamba mtoto mwenye akili za kupindukia ni kama embe lililoivishwa kwa moshi: linawahi sokoni, linawahi kuoza. Na mfano waliokuwa nao mkononi ulikuwa kijana mmoja, William James Sidis. Alizaliwa mwaka 1898. Baba yake, Boris Sidis, alikuwa mwanasaikolojia, na alimlea mwanawe mithili ya mtu anayejenga hoja. Mwaka 1909 mtoto akaingia Chuo Kikuu cha Harvard akiwa na miaka 11. Januari 1910 akasimama mbele ya wanahisabati akawahutubia juu ya maumbo yenye pande nne za vipimo, sisi tulio wengi hata hizo tatu zinatushinda. Magazeti yakapiga kelele nchi nzima.

Halafu? Halafu mtoto akakua, akachoka kutazamwa. Alifundisha kwa muda mfupi huko Texas, akakamatwa katika maandamano ya Mei Mosi mjini Boston mwaka 1919, na baadaye akajificha katika kazi ndogondogo za ukarani. Alikusanya tiketi za tramu, akaziandikia kitabu kizima. Mwaka 1937 jarida la The New Yorker likamfukunyua kutoka maficho yake na kumwandika kwa kejeli. Akashtaki, na mwaka 1940 mahakama ya rufaa ikasema aliyewahi kuwa maarufu hana pa kujificha. Alikufa mwaka 1944, miaka 46 tu. Wengi humtaja kama mtu aliyeshindwa maisha. Mimi sioni hivyo. Mtu anayekusanya tiketi na kulipa pango lake hajamkosea yeyote, waliomkosea ni wale waliomfundisha maumbo ya pande nne kabla hawajamfundisha namna ya kukaa na watoto wenzake watatu.

Sasa turudi kwa yule mama. Leta Stetter alizaliwa mwaka 1886 huko Nebraska, karibu na mji wa Chadron, porini hasa, nyika za upepo na ng'ombe. Mama yake aliandika daftari la mwaka wa kwanza wa binti yake, akiandika kana kwamba ni mtoto mwenyewe anayesema. Kisha mama akafa wakati Leta hajatimiza hata miaka minne. Wakalelewa na babu na bibi, yeye na wadogo zake, mpaka baba alipooa tena na kuwachukua, na nyumba ile ya mama wa kambo haikuwa nyumba ya amani. Alipokuwa na miaka 14 shairi lake lilitoka katika gazeti la mji mdogo walioishi. Alipofika miaka 16 akaingia Chuo Kikuu cha Nebraska, na ukinisikiliza mimi nitakuambia hakwenda tu kusoma, alikimbia.

Mwisho wa mwaka 1908 akaolewa na Harry Hollingworth, mwanafunzi wa saikolojia aliyekuwa New York. Akaomba kazi ya ualimu, akaambiwa haiwezekani: mji wa New York haukuwaajiri walimu wanawake walioolewa. Si mchezo. Akabaki nyumbani anapika, anashona, anaandika hadithi zisizochapwa. Kilichomtoa jikoni ni kitu ambacho huwezi kukikisia: soda. Mwaka 1911 kampuni ya Coca-Cola ilikuwa mahakamani kwa sababu ya kafeini iliyomo kinywajini, ikamtaka Harry apime kama kafeini inawadhuru watu. Leta akamsaidia kuongoza majaribio, na malipo yaliyopatikana yakamlipia masomo ya juu katika Chuo cha Ualimu cha Columbia. Utafiti wake wa udaktari, shahada aliyoipata mwaka 1916, uliwapima wanawake siku kwa siku kuona kama kweli siku za hedhi zinawapunguzia uwezo wa kazi, kama madaktari wanaume walivyokuwa wakihubiri. Hakuona kupungua kokote. Zikumbuke hizo habari za wanawake, maana mbele kidogo mtu huyuhuyu atatuchanganya.

Mwaka huohuo wa 1916 alikuwa akifundisha namna ya kupima akili, akahitaji mtoto wa kuonyeshea darasani. Akaletewa mvulana wa miaka 8. Mtoto akajibu maswali mpaka karatasi ya maswali ikaisha, kipimo kikasimama kwenye alama 187, wakati mtu wa kawaida huwa na 100. Katika maandishi yake alimwita Mtoto E, hakumtaja jina, na kwa hilo tu amewashinda watangazaji wote wa Sidis. Tangu siku hiyo akaanza kuwatafuta wengine wa namna hiyo. Kwa miaka 23, New York na viunga vyake vyote, alipata 12 tu waliozidi alama 180.

Wakati huo, kule California, profesa mwingine, Lewis Terman, alikuwa ameanza mwaka 1921 kuwafuatilia watoto zaidi ya 1,500 wenye akili nyingi, na matokeo yake yakaufuta ule woga wa embe la moshi: watoto wale walikuwa na afya, marafiki na furaha kama wengine au zaidi. Hollingworth hakupinga. Ila aliuliza swali la mtu aliyewahi kukaa peke yake: wote? Akajibu kwamba wenye alama kama 125 hadi 155 ndio wenye bahati, akili yao inawatosha kuwa viongozi na bado wenzao wanawaelewa. Ukipanda juu zaidi, mambo yanageuka.

Fikiria mtoto wa miaka 6 aliyesoma vitabu vya watu wazima. Anatoka nje na mchezo alioutunga, una sheria 14 na ramani. Wenzake wanataka kukimbizana. Anawaeleza, hawamwelewi, anawagombeza, wanaondoka. Kesho yake anakaa chini ya mti na kitabu, na mwalimu anaandika kwenye ripoti kwamba mtoto huyu hapendi watu. Hapendi watu! Hollingworth aliona kwamba kipindi kigumu hasa ni kati ya miaka 4 na 9, yaani shule ya msingi, wakati mtoto ana fikra za mtu mzima lakini machozi yake bado ni ya mtoto na mwili wake bado hauwezi kumtetea. Akaona pia kwamba darasani mtoto mwenye alama 140 hupoteza karibu nusu ya muda wake akingoja wenzake, na mwenye 170 karibu muda wote. Na mtu anayengojeshwa miaka saba hajifunzi subira. Anajifunza kuota ndoto mchana, kudharau, na kufanya kazi nusunusu.

Ndipo Speyer ikafunguliwa, kwa ushirikiano wa Halmashauri ya Elimu ya mji na Chuo cha Ualimu, iwe majaribio ya miaka mitano. Watoto wepesi walikuwa madarasa mawili, kama 25 kila moja. Hawakurushwa madarasa. Masomo ya kawaida waliyamaliza kwa nusu ya muda, na nusu iliyobaki wakafundishwa kitu alichokiita mageuzi ya vitu vya kawaida: chakula kimetoka wapi mpaka kikafika mezani, nguo, nyumba, taa, usafiri, saa. Walijifunza Kifaransa. Walisoma wasifu wa watu, mwingi tu, na hapa ndipo ninapomvulia kofia, kwa sababu hakuwasomesha wasifu ili wawaige wakubwa. Mtoto mpweke akisoma maisha ya mtu mwingine anajua kwamba kuna aliyewahi kupita njia hiyo na kuchubuka magoti.

Kisha yale masomo niliyoyataja mwanzo. Aliyaita elimu ya hisia. Tuanze na ubishi. Mtoto wa namna hii hubishana na kila mtu, na mara nyingi yuko sahihi, jambo ambalo linazidi kuudhi. Shule nyingi humtwanga. Hollingworth akasema ubishi una adabu zake na ufundi wake, basi afundishwe: ajue kubishana na nafsi yake kwanza, ajue kubishana na mtu faraghani, na ajue namna ilivyo tofauti kubishana mbele ya watu, ambako aliyeshindwa hapotezi hoja tu bali na uso wake.

Baada ya hapo suala la utii. Mtoto anayeona makosa ya mwalimu ana njia mbili rahisi: apinge kila kitu, au ainamishe kichwa akubali kila kitu. Zote mbili mbaya, alisema, na njia ya katikati haijulikani kwa kuzaliwa. Michezo pia. Watoto walifundishwa drafti na sataranji, michezo ambayo mtu anaweza kucheza na mwenzake wa umri wowote mpaka uzeeni, kwa hiyo ni daraja. Nilipofika hapo nilicheka peke yangu, maana mtaani kwetu chini ya mkungu, mzee wa bandarini na kijana wa sekondari hukutana kwenye drafti ya vizibo vya soda na hakuna mwanasaikolojia aliyewapanga.

Na somo gumu kuliko yote: kuwavumilia wajinga kwa moyo mkunjufu. Maneno hayo asili yake ni mtume Paulo, aliyewatupia Wakorintho kwa kejeli, lakini Hollingworth aliyachukua bila kejeli. Alikuwa ameona watu wazima wenye vichwa vikubwa waliokufa na uchungu kwa sababu hawakukubali kamwe kwamba wengine hawafikirii kama wao. Kuna wanaotaka kuwarekebisha watu kwa nguvu, halafu watu haohao wanawapiga mawe. Alitaka mtoto alijue hilo akiwa na miaka 9, alijue bila kuchukia. Aliruhusu hata hila kidogo zisizomdhuru mtu, kwamba si lazima kila ukweli uurushe usoni mwa mwenzako siku hiyohiyo.

Ningependa kuishia hapa na kumwimbia sifa, lakini lile jengo la Mtaa wa 126 lilikuwa na vyumba vingine. Madarasa ya vipanga yalikuwa mawili. Yaliyobaki, saba, yalikuwa ya watoto wa polepole, wale ambao vijiweni kwetu wangeitwa vilaza bila aibu. Yale mawili yaliitwa kwa jina la Terman, yale saba kwa jina la Binet. Alfred Binet ni yule Mfaransa aliyetunga kipimo cha kwanza mwaka 1905 ili watoto wanaohitaji msaada wasaidiwe, akaonya kwamba kipimo hicho si mizani ya kupimia mtu maisha yake yote. Alikufa mwaka 1911. Angeona Wamarekani walivyokitumia angekichana.

Kwani Terman na Hollingworth wote wawili waliamini kwamba akili hurithiwa kama rangi ya macho, na kwamba taifa lingenufaika kama wenye alama nyingi wangezaa zaidi na wenye alama chache wangezaa kidogo, mithili ya mfugaji anavyochagua fahali wa mbegu. Imani hiyo haikubaki vitabuni. Nchini Marekani, katika karne ya 20, zaidi ya watu 60,000 waliondolewa uwezo wa kuzaa kwa amri za sheria, wengi wao maskini, weusi, wahamiaji, wagonjwa wa akili au walioandikwa hivyo. Huyu ndiye mtu aliyekataa kuambiwa na madaktari kwamba mwanamke hawezi. Alijua kipimo kibovu kinavyoweza kumfungia mtu mlango, maana mlango huo ulimbamiza yeye mwenyewe. Akatengeneza kingine, akakiamini.

Na tazama yale masomo yenyewe. Kubishana kwa adabu, kukataa bila kuvunja, kucheza na asiye wa rika lako, kumvumilia usiyemwelewa. Ni lipi kati ya hayo ambalo mtoto wa darasa la Binet hakulihitaji? Kama kuna mtu New York ile aliyehitaji kujua namna ya kuishi na watu wanaokuona mjinga, ni yeye. Hapa ndipo nilipoachana na Hollingworth. Dawa aliigundua kweli, ila aliidhania ni ya wagonjwa wachache aliowachagua mwenyewe.

Hakuona mwisho wa majaribio. Alikuwa na saratani kwa miaka mingi na aliificha kwa karibu kila mtu. Alifariki Novemba 1939, akiwa na miaka 53. Madarasa yalifungwa mwaka 1941, na mwaka 1942 mumewe akakitoa kitabu chake juu ya wale watoto 12.

Yaliyofuata nayataja haraka. Mwaka 1957 Warusi walirusha Sputnik, na Marekani ikawakumbuka ghafla watoto wake wenye akili, lakini kama mtu anavyokumbuka bunduki iliyo darini: ilitaka hesabu na sayansi, habari za hisia ikazisahau. Mwaka 1979 mwanafunzi wa miaka 16 alitoweka katika chuo kikuu kimoja cha Michigan, akapatikana, na mwaka uliofuata akajitoa uhai. Wazazi wake wakamfuata mwanasaikolojia James Webb wa Ohio, na mwaka 1981 ikazaliwa jumuiya ya kuwasaidia watoto wa namna hiyo na wazazi wao kwa upande wa moyo. Ilichukua zaidi ya miaka 40 na kaburi moja kurudi pale Leta alipokuwa amefika.

Sisi huku? Tanzania tunazo shule za vipaji maalumu, Ilboru, Mzumbe, Kibaha, Kilakala na nyinginezo, nazo huanzia sekondari. Anayeingia amechaguliwa kwa mtihani wa darasa la saba. Kwa hiyo ile miaka ya 4 hadi 9, miaka ya upweke wenyewe, kipanga wetu anaipitia katika darasa la watoto 80 akiwa hana mtu wa kumtafsiria dunia. Nilisoma na mmoja wa hao. Alikuwa akisoma magazeti yaliyofungiwa maandazi, mistari yote, mpaka ile iliyolowa mafuta. Kila muhula wa kwanza, na kila mapumziko peke yake, kando ya bomba la maji. Walimu walimtumia kutuaibisha sisi: mwoneni mwenzenu! Baada ya hapo nani angempa mpira? Tulimwita Profesa, na lile jina lilikuwa uzio. Hakuwahi kufundishwa namna ya kuomba mpira, na sisi hatukufundishwa namna ya kumpa. Hilo la pili nalipa uzito uleule.

Mwaka 1987 watafiti wawili walichapisha habari za wanafunzi wa Speyer waliotafutwa miaka 40 na ushei baada ya shule kufungwa, sasa watu wazima wenye mvi. Walichokikumbuka zaidi si Kifaransa wala historia ya taa. Walikumbuka kwamba mle ndani, kwa mara ya kwanza, walipata wenzao, na kwamba asubuhi walipenda kwenda shule. Waliotafutwa walikuwa wa yale madarasa mawili. Wale wa madarasa saba, waliopanda ngazi zilezile na kusikia kengele ileile, hawakuulizwa.